Shikamoo Zote Kwenye Folda ya Taka

Jumatatu ya wiki hii, kabla chai haijaletwa, mratibu wetu alitupa barua zote ambazo ofisi iliwahi kuandika na kuandikiwa. Alizitupa kwa kubofya mara moja. Alikuwa anaikwepa kamati ya harusi.

Nikiishia hapo, msomaji atadhani mratibu ana matatizo ya akili. Hana. Ni mtu wa kawaida aliyeletewa mfumo mpya wa barua pepe na mwaliko wa harusi asubuhi moja, na akashughulikia kile alichokielewa. Kwa hiyo nirudi nyuma, nieleze mambo kwa utaratibu wake.

Ofisi yetu ni ndogo, ipo Babati mjini, upande wa barabara inayokwenda Bonga. Tunafanya kazi na wakulima: mahindi, maharage, mbaazi, magonjwa ya vyote vitatu, na semina kuhusu magonjwa hayo. Makao makuu yapo Arusha. Mimi ni afisa taarifa. Zamani nilikuwa natuma habari redioni, ndiyo sababu wenzangu wananiita Mwandishi, na ndiyo sababu nikikuta kitu kimeharibika nauliza nani, lini na wapi kabla sijauliza kinatengenezwaje. Kwa kuwa siku moja nilichomeka waya wa printa na printa ikachapa, mimi pia ndiye mtaalamu wa kompyuta. Cheo hicho hakina barua ya uteuzi.

Ofisi nzima tuna anwani moja ya barua pepe. Kila meza inafungua kikasha kilekile. Mmoja akisoma, wote tumesoma, na mmoja akifuta, wote tumefuta. Na kila barua ndani ya kikasha hicho ilikuwa na kichwa kimoja: Shikamoo.

Hilo tulilirithi kwa mratibu aliyetangulia. Alikuwa mzee wa kutoka nyanda za juu za Mbulu, siku hizi amestaafu, anafuga. Hakuwa mkali, ila alikuwa na msimamo kuhusu salamu. "Mtu hawezi kufika mlangoni kwangu akaanza kudai pampu ya dawa," alikuwa akisema. "Abishe hodi, aamkie, niitikie, ndipo aseme shida yake." Na mlango wa barua pepe, kwa maelezo yake, ni ule mstari wa juu, wa kichwa cha barua. Hapo ndipo salamu ikae. Barua iliyokuja na kichwa "Taarifa ya robo mwaka" hakuifungua. Aliiacha nje, kwenye baridi, mpaka aliyeiandika ajirekebishe.

Tukajirekebisha. Bwana shamba wa Sigino akitaka kuripoti viwavi, aliandika Shikamoo. Mlinzi akiomba tochi mpya kupitia kwangu, niliandika Shikamoo. Makao makuu walicheka mwanzoni, kisha wakagundua kwamba asiyeamkia hapati taarifa zake, nao wakaanza kutuamkia, hata wakurugenzi. Mzee alipostaafu tulimfanyia sherehe, tukampa mbuzi na blanketi, na desturi tukabaki nayo. Hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kuandika barua isiyo na adabu.

Tulizitofautisha barua zetu kwa folda. Aliyezitengeneza ni katibu muhtasi wetu, ambaye tunamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Hapa nitamwita Mama tu. Ni mkazi wa Nangara, ana umri wa kunizidi vya kutosha, na ana namna yake ya kupanga vitu. Kulikuwa na folda ya Za Haraka, ya Za Haraka Sana, na ya Za Haraka Kweli. Kulikuwa na Bosi Kasema, na Bosi Kasema Tena. Ukimuuliza barua ya mbegu za mwaka juzi, angekuambia ipo Za Haraka Sana, chini kidogo ya ile ya msiba. Mara nyingi ilikuwepo. Isipokuwepo, alisema haikuja.

Mwisho wa juma lililopita makao makuu waliboresha mfumo. Walituma tangazo wiki nzima kabla, likieleza kila kitu kitakachobadilika. Lilikuwa na kichwa cha Shikamoo, kwa hiyo kila mtu alidhani mwenzake ameshalisoma.

Kilichobadilika ni hiki. Folda zetu zilifichwa, na barua zote zenye kichwa kimoja zikafungwa pamoja kama kuni. Ukifungua kikasha, huzioni tena kuni. Unaona mzigo mmoja, na juu yake barua iliyoingia mwisho. Jumatatu asubuhi, basi, kikasha cha ofisi yetu kilikuwa na mstari mmoja. Uliandikwa Shikamoo. Barua ya juu ilitoka kwa mfanyakazi mwenzetu wa zamani, ikimwomba mratibu awe mwenyekiti wa kamati ya harusi ya mdogo wake.

Kwa asiyejua uzito wa jambo hilo: mwenyekiti wa kamati ya harusi anakaa vikao kila Jumapili, anasuluhisha ugomvi kuhusu rangi ya mapambo, na chakula kikipungua ukumbini ni yeye anayetazamwa. Mratibu wetu alikuwa ametoka kumaliza uenyekiti wa namna hiyo, na alikonda kweli. Alibofya alama ya pipa la taka. Mfumo ukamuuliza kama ana uhakika anataka kuyaondoa mazungumzo haya yote. Ametuambia baadaye kwamba hajawahi kuwa na uhakika kiasi kile tangu afunge ndoa.

Jumanne Mama alikuja mezani kwangu amebeba mkoba wake kifuani.

"Mwandishi, nitafutie barua yangu."

"Ipi, Mama?"

"Unaiuliza? Ile."

Ile ilikuwa ruhusa yake ya masomo. Mama alirudi shule akiwa mtu mzima, akisoma jioni baada ya kazi na baada ya palizi, akarudia mtihani wa hesabu uliokuwa unamsumbua, na mwaka huu chuo kimoja cha Dodoma kimempa nafasi ya kusomea shahada. Anakwenda kusomea utunzaji wa kumbukumbu. Tulimtania sana kwa hilo. Sasa hivi hakuna anayemtania. Chuo kimemtaka apeleke barua ya mwajiri ya kumruhusu, na mwisho wa kupokea ni Ijumaa, yaani leo. Asipoipeleka, nafasi anapewa aliye nyuma yake kwenye foleni, na mwaka ujao ataomba upya, kama macho yake yatakuwa bado yanataka kusoma.

Barua hiyo aliipata. Ilikuja kwa barua pepe miezi kadhaa iliyopita, ikiwa kiambatanisho, imesainiwa na afisa utumishi wa makao makuu. Aliifungua akaisoma, akapiga kigelegele ofisini, sote tulisikia. Hakuichapa kwa sababu printa haikuwa na wino. Tena mimi ndiye niliyemwambia asiwe na wasiwasi, barua iliyo kwenye kompyuta haina miguu.

Afisa utumishi yule ameshahama shirika, na wakati wa maboresho kompyuta yake ilisafishwa. Mama alimpigia aliyeshika nafasi yake.

"Mama, mimi sina shida na wewe," alisema yule wa simu. "Nitumie nakala ya hiyo barua, niithibitishe hata sasa hivi."

"Si mlinitumia ninyi? Nyie hamna nakala?"

"Ndiyo tunaitafuta kwako."

"Basi niandikieni nyingine."

"Nyingine mpaka kikao cha menejimenti. Ni mwezi ujao."

Nikakaa kwenye kompyuta, nikaanza kutafuta. Niliandika "ruhusa". Mfumo ukajibu kwamba hakuna kilichopatikana. Niliandika "masomo", hakuna. Niliandika "chuo", hakuna. Kisha, kwa kujaribu tu, niliandika "mahindi". Hakuna kilichopatikana. Ofisi ya wakulima, Babati, isiyo na barua hata moja yenye neno mahindi. Hapo nilimpigia fundi wa mfumo, makao makuu.

"Mambo vipi, kaka mkubwa," alisema.

"Poa. Barua zetu hazionekani."

"Zipo hizo. Mfumo unaorodhesha upya. Ni kama mtu amehamia nyumba mpya, bado hajui sufuria zipo wapi. Chini kabisa kuna mstari unajaa taratibu, unauona?"

"Nauona."

"Ukijaa wote, utatafuta chochote na utakipata."

"Utajaa lini?"

"Inategemea mtandao wenu."

Mtandao wetu unategemea umeme, umeme unategemea hali ya hewa, na hali ya hewa ilikuwa mawingu yaliyofunika mlima Kwaraa tangu Jumapili. Nilimwambia hatuna muda wa kungoja.

"Sawa, tutafute kwa njia nyingine. Hiyo barua kichwa chake ni nini?"

"Shikamoo."

"Marahaba," alisema, kwa aibu, maana sauti yangu inaonyesha nani mkubwa kati yetu. "Nauliza kichwa cha barua."

"Ndicho hicho."

"Na hizo nyingine?"

"Hizo hizo. Zote."

Nilimsikia anazungusha kiti chake. "Kaka, hebu subiri. Zote zina kichwa kimoja? Basi mfumo umezifunga fungu moja. Tafuta fungu linaloitwa Shikamoo."

"Halipo."

"Kama halipo, kuna mtu kalitupa. Angalia taka."

Folda ya taka ilikuwa nyeupe kama sahani. Fundi akanieleza, kwa upole wa daktari, kwamba mfumo mpya unamwaga taka wenyewe kila jioni, na kwamba hilo pia lilikuwa kwenye tangazo. Kisha akasoma kwenye kioo chake: fungu liliondolewa Jumatatu asubuhi, kwenye meza ya mratibu.

Sikufurahi kulijua. Hiyo si kweli, nilifurahi kidogo. Nilikwenda na Mama mpaka mlangoni kwa mratibu. Alikuwa anapiga mhuri makaratasi ambayo sidhani yalihitaji mhuri.

"Bosi," nilisema, "jana asubuhi ulifuta barua yoyote?"

"Moja tu. Ya binafsi."

"Ilikuwa ya nani?"

"Nimesema ya binafsi."

Mama akaweka mkoba chini. "Ni ya harusi?"

Mratibu akaacha mhuri. "Mama, unanijua. Mimi sifai kuwa mwenyekiti."

"Na mimi sifai kuwa mwanafunzi?"

Alitazama kioo cha kompyuta yake, akamtazama Mama, na nikaona jambo zima linamfikia polepole, kuanzia masikioni. Alitaka kusema kitu kuhusu mfumo. Mama alikuwa ameshageuka.

Jumatano fundi alifanikiwa kuzirudisha barua kutoka kwenye akiba ya makao makuu. Namshukuru kwa hilo, ingawa zilirudi kama vitu vilivyookolewa kwenye nyumba inayoungua. Hazikuwa na mpangilio. Zote zilionyesha tarehe ya Jumatano hiyohiyo, hata za miaka ya mzee. Viambatanisho havikuja. Fundi alisema ni vizito, vinafuata nyuma. Na ule mstari wa chini, wa kuorodhesha, ulirudi mwanzo kabisa, maana sasa ulikuwa na kazi mpya.

Kutafuta kwa mashine kukawa hakuna. Tukatafuta kwa macho. Mama alichukua meza yake, mimi yangu, mratibu yake, tukagawana mzigo wa Shikamoo kama watu wanaochambua maharage, tukaanza kufungua moja moja.

Sijawahi kuisoma ofisi yangu namna ile. Shikamoo, viwavi vimefika Sigino, naomba maelekezo. Shikamoo, sitafika kesho, ng'ombe wa mama anazaa. Shikamoo, ile semina ilikwenda vizuri ila mkufunzi hakutokea. Kulikuwa na Shikamoo ndefu ya mzee mwenyewe kwenda makao makuu, kurasa nzima za kuulizia afya za watu wa Arusha mmoja mmoja, na mwishoni kabisa mstari mmoja unaosema gari limeanguka mtaroni. Kulikuwa na za kwangu nyingi, taarifa nilizoziandika kwa bidii na ambazo hazikuwahi kujibiwa.

"Mwandishi," mratibu aliita kutoka ofisini kwake, "hii ya panya waharibifu ni nzuri sana. Umeituma lini?"

"Mwaka juzi, bosi."

"Kumbe? Ningekujibu."

"Bado una nafasi."

"Someni!" Mama alisema.

Alasiri akaipata yeye mwenyewe. Hakupiga kigelegele. Alisema tu, "Njooni." Tulisimama nyuma ya kiti chake. Chini ilikuwa barua yake, aliyoiandika kwa heshima zote, kuomba ruhusa ya kwenda masomoni. Juu yake lilikuwa jibu la afisa utumishi, pamoja na cheo chake. Jibu lenyewe nalinukuu lote: "Marahaba. Tazama kiambatanisho."

Na chini ya maneno hayo, pale kiambatanisho kinapokaa, palikuwa na alama ya karatasi na kiduara kinachozunguka.

Tuliungojea ule mzunguko kama watu wanaongoja chungu kichemke. Mratibu alipendekeza tuizime kompyuta na kuiwasha. Mama alimtazama tu. Tukachapa ukurasa kama ulivyo. Wino safari hii ulikuwepo. Tukaupiga picha, tukautuma kwa afisa utumishi mpya. Alipiga simu mara moja, nikaweka sauti kubwa wote tusikie.

"Mama, nimeona."

"Umeona eeh? Umeona cheo chake?"

"Nimeona. Lakini hii ni salamu, Mama. Siyo ruhusa."

"Mtu akisema tazama kiambatanisho, si maana yake amekubali?"

"Inawezekana kiambatanisho kilisema hapana."

"Ningepiga kigelegele kwa hapana?"

Yule wa simu alikiri kwamba hoja hiyo ina nguvu, lakini haina mhuri.

Mratibu, ambaye tangu Jumanne alikuwa anatembea ofisini kama mgeni, aliandika barua ya kwake. Aliandika kwamba yeye, kama msimamizi wa Mama, anajua kwa hakika kuwa ruhusa ilitolewa, na kwamba kupotea kwake kumetokana na kosa la ofisi. Alipofika kwenye maneno "la ofisi" alisita, akayafuta, akaandika "langu". Akagonga mhuri, akaona haukukolea, akagonga tena. Ilikuwa barua nzuri. Chuo kilishasema kinataka ya makao makuu.

Jana, Alhamisi, Mama alipanda basi la Dodoma. Alipita ofisini kwanza, akiwa na barua ya mratibu, ukurasa wa Marahaba, cheti chake na begi la nguo, maana hakujua anakwenda kurudishwa au kubaki. Kitenge chake kilikuwa kile cha sherehe ya mzee.

"Shikamoo, Mama," nilimwambia.

"Marahaba. Sikiliza. Kikifunguka, kitume makao makuu kithibitishwe, halafu kitume kwenye simu yangu. Na huko juu andika 'Barua ya ruhusa'. Usiniamkie. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na huyo asiguse kitu."

Huyo alikuwa amesimama mlangoni kwake. Aliinua mikono yote miwili juu, kuonyesha kwamba haina kitu.

Naandika haya Ijumaa, kwa kalamu, kwa sababu fundi amenikataza kufungua kingine chochote kwenye kompyuta kisije kikaupunguzia kasi mtandao. Mstari wa chini umepita nusu. Asubuhi umeme ulikatika, tukasimama wote kama tuko ibadani, ukarudi, na mstari ukaendelea pale ulipoishia. Nilijaribu kutafuta neno "mahindi" na zikaja barua chache, za zamani sana, za mzee. Neno "ruhusa" bado. Nimekumbuka tu kwamba hata mstari ukijaa wote, halitapatikana kwenye jibu lile, kwa sababu halimo. Limo ndani ya kiambatanisho, na kiambatanisho ni picha ya karatasi. Sijamwambia mratibu.

Mratibu mwenyewe ameleta kiti chake, amekaa nyuma yangu. Saa sita imeingia Shikamoo mpya, ikakaa juu ya fungu. Ni watu wa harusi. Wanasema kwa kuwa hakuwajibu kukataa, wamemweka kuwa mwenyekiti, na kikao cha kwanza ni Jumapili. Ameisoma mpaka mwisho. Mkono umekwenda kwenye kipanya, ukarudi mapajani.

Simu yangu imetoa mlio sasa hivi. Ni ujumbe wa Mama.

"Nipo dirishani. Barua ya bosi wameichukua, wameingia nayo ndani, wamesema nisubiri. Wanafunga saa tisa na nusu. Kimefunguka?"

"Mwambie ndiyo," mratibu amesema, "halafu kitafunguka."

Saa tisa imeshapita. Nimemjibu Mama kwamba bado. Kiduara kinazunguka.